Dakika Tano za Mwanzo wa Kipindi: Ubao, Kadi au Projekta?

Andalio la somo la mwalimu wa Tanzania lina kisehemu ambacho wengi hukijaza bila kuinua macho: utangulizi, dakika 5. Humo huandikwa maneno yaleyale mwaka nenda mwaka rudi. Kuwaongoza wanafunzi kuimba. Kuuliza maswali kuhusu somo lililopita. Kisha kalamu inakimbilia maarifa mapya, ambako ndiko kwenye uzito. Kwa miaka mingi hakuna aliyekigombania kisehemu hicho.

Leo kinagombaniwa. Mwalimu mmoja anafungua kipindi kwa mchezo wa maswali unaorushwa ukutani kwa projekta, na darasa la jirani halisikilizani kwa shangwe zinazotoka huko. Mwenzake anaandika maswali manne ubaoni kwa chaki, anafuta vumbi mikononi na kuanza kupita kati ya madawati. Kwenye kikao cha walimu, mkuu wa shule anamsifu wa kwanza kuwa anakwenda na wakati. Mwalimu wa taaluma anauliza kama shangwe hizo zinafika kwenye chumba cha mtihani. Wazazi nao, wanaochangishwa fedha za projekta, wanataka kujua wananunua nini hasa.

Swali ni dogo kwa umbo, lakini limebeba mambo mengi: mitaala, fedha, ukubwa wa madarasa, na jinsi mtoto anavyokumbuka alichofundishwa.

Mkanganyiko ulikotoka

Chanzo cha kwanza ni mitaala. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019, ujuzi wa kidijitali ulikuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Tanzania ilianza kutumia mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, nayo inahimiza matumizi ya TEHAMA katika kufundisha na kujifunza. Mwalimu anayesoma maelekezo hayo, huku akijua kuwa mthibiti ubora wa shule anaweza kuingia darasani siku yoyote, hujiuliza TEHAMA yake itaonekana wapi. Mahali rahisi pa kuionyesha ni mwanzoni. Picha moja, video fupi au mchezo, na deni limelipwa.

Chanzo cha pili ni vifaa vyenyewe. Nchini Kenya, ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za mwaka 2013, na mwaka 2016 vifaa vikaanza kusambazwa. Hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Tanzania ilipomaliza Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilikabidhiwa kwa walimu. Hizo ni hatua kubwa, na asiyezisifu atakuwa na choyo. Lakini kifaa kikitangulia mafunzo, swali hugeuka kichwa chini. Mwalimu anaacha kuuliza wanafunzi wamekwama wapi na nini kitawakwamua, anaanza kuuliza kifaa hiki akitumie wapi kisije kikaonekana kimelala kabatini. Na vingi vililala kabatini kweli, hasa Kenya, ambako walimu wakuu walihofia wezi kuliko walivyohofia vumbi.

Chanzo cha tatu husemwa kidogo. Programu zinazotajwa sana kwenye mafunzo ya walimu zilibuniwa kwa ajili ya darasa la aina nyingine. Kahoot!, mchezo uliozinduliwa Norway mwaka 2013, unataka skrini kubwa mbele na simu mkononi mwa kila mwanafunzi. Swali linaonekana mbele. Kwenye simu kunabaki rangi nne na maumbo manne, pembetatu nyekundu, almasi ya buluu, duara la njano na mraba wa kijani, na mtoto anabonyeza kabla saa haijakwisha. Sasa lipeleke jambo hilo katika shule ya msingi ya Tanzania, ambako mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni. Mwalimu anaambiwa atumie chombo ambacho nusu yake imepigwa marufuku getini.

Kazi ya dakika hizo

Kabla ya kupima zana, ni lazima ijulikane kazi inayotakiwa. Utangulizi wa kipindi una kazi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kulituliza darasa lililotoka mapumzikoni na kuligeuza kutoka somo la kabla. Ya pili ni kuwafanya wanafunzi wavute kutoka kichwani walichojifunza jana, juzi au mwezi uliopita. Ya tatu ni kumwonyesha mwalimu nani ameshika na nani amepoteza, kabla hajaanza kujenga ghorofa juu ya msingi uliopasuka.

Wimbo hufanya kazi ya kwanza vizuri na mara nyingi huishia hapo. Kazi ya pili ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kitaaluma. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi wazisome. Kundi moja likasoma tena. Jingine likafunga makala na kuandika kila linalokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yalikuwa yamepinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Yaani kinachoonekana kufaa papo hapo si lazima ndicho kinachobaki. Mwalimu anayeanza kipindi kwa kurudia kueleza somo la jana anawapa wanafunzi wake faraja ya dakika tano.

Barak Rosenshine, katika mapitio yake ya tafiti za ufundishaji yaliyochapishwa mwaka 2010, aliliweka rejeo fupi la kila siku kuwa kanuni ya kwanza. Alitaja jaribio la kufundisha hesabu ambamo walimu walifunzwa kutumia dakika nane kila siku kwa kazi hiyo. Walimu wa vyuo vya Kurani vya pwani hawakuhitaji kuambiwa. Huko talibu hapewi somo jipya kabla hajasikilizwa la jana. Neno lenyewe lipo siku zote: kudurusu.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Mwalimu akiuliza swali, vidole kumi vikanyooshwa, akamchagua mmoja na jibu likawa sahihi, darasa linapiga makofi na kipindi kinaendelea. Amejua kuhusu mtoto mmoja. Katika darasa la wanafunzi 72, hajui lolote kuhusu 71.

Na muda huo si mdogo kama unavyodhaniwa. Mwaka wa masomo wa Tanzania una siku 194. Kwa somo linalofundishwa kila siku, dakika tano za mwanzo zinafika dakika 970, sawa na saa 16 na dakika 10, au vipindi 24 vya dakika 40. Hakuna mkuu wa shule ambaye angekubali vipindi 24 vya hesabu vipotee kimyakimya.

Hoja ya wanaotaka skrini

Wanaotetea zana za kidijitali wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mchezo wa maswali hulazimisha kila mtoto ajibu, si wale kumi wa mbele tu. Majibu yanakusanyika yenyewe, mwalimu anaona papo hapo kwamba swali la tatu limeangusha nusu ya darasa, na rekodi inabaki. Mtoto mwenye haya anajibu bila kusikika sauti yake. Zaidi ya hapo kuna bashasha, ambayo kila aliyewahi kufundisha kipindi cha saa nane mchana anajua thamani yake.

Utafiti unawaunga mkono kwa kiasi. Alf Inge Wang wa chuo kikuu cha NTNU, Trondheim, ambaye kazi yake ndiyo chimbuko la Kahoot!, alichapisha mwaka 2020 pamoja na Rabail Tahir mapitio ya tafiti 93 kuhusu mchezo huo. Kwa ujumla walikuta unasaidia kujifunza, unachangamsha darasa na unapunguza wasiwasi wa wanafunzi. Ni haki kukumbuka kwamba mtathmini ni mzazi wa anayetathminiwa. Hata hivyo mapitio hayohayo hayakuficha kasoro: intaneti isiyotabirika, maswali yasiyosomeka vizuri ukutani, kushindwa kubadilisha jibu ukishabonyeza, mkazo wa saa, na woga wa kushindwa mbele ya wenzako.

Je, mchezo wa kila siku hauchoshi? Wang alikuwa ameliuliza hilo mapema, katika utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha wanafunzi waliotumia mchezo huo mara moja na wale walioutumia muhula mzima. Alikuta uchangamfu wa darasa umepungua kidogo, lakini ari haikuzimika, na kilichoishikilia zaidi ni ushindani. Matokeo haya ni upanga wenye makali mawili. Kama kinachomshikilia mtoto ni kushindana, basi anayeshika nafasi ya mwisho Jumatatu, Jumanne na Jumatano anashikiliwa na nini? Tena Kahoot! kwa kawaida huongeza pointi kwa anayejibu haraka. Katika hesabu, kasi na ufahamu ni ndugu, lakini si mapacha.

Kisha kuna mifano ya nyumbani, ambayo nayo hutumika vibaya. Watetezi hupenda kutaja Tanga. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia shule. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Watoto wengi ambao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili waliendelea hadi kusoma. Ni habari njema kabisa. Ila pale kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, chenye programu isiyohitaji mwalimu, nje ya darasa. Ushahidi huo unahusu mtoto asiye na shule, na hauwezi kuhamishwa mzimamzima hadi kwenye kipindi cha watoto 70, projekta moja na mwalimu aliyepo.

Mfano unaokaribia zaidi swali letu ulifanyika Kisumu, na ni ajabu kwamba hautajwi mara nyingi. Watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha kusoma: kuwapa tableti walimu washauri wanaozungukia shule, kuwapa walimu wa darasa, au kuwapa wanafunzi wenyewe vifaa vya kusomea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Tofauti kati ya njia hizo tatu katika usomaji wa watoto haikuwa kubwa kiasi cha kusema moja imeshinda. Katika gharama, tofauti ilionekana wazi: kifaa mikononi mwa mshauri, ambaye mmoja anahudumia shule nyingi, kilileta faida ileile kwa fedha chache zaidi. Programu ya kufundisha kusoma ya Tusome, iliyoenea Kenya nzima kuanzia mwaka 2015, ikachukua njia hiyo. Tableti zikaenda kwa maofisa wa kusaidia mtaala, na watoto wakapata vitabu.

Hoja ya wanaoshikilia chaki

Upande wa pili husemwa kuwa ni wa wazee wasiotaka kubadilika. Si haki. Hoja yao kuu ni ya hesabu, na ni rahisi kuithibitisha kwa kusimama mlangoni mwa darasa lolote lenye projekta moja inayozunguka shule nzima.

Kengele inalia. Projekta iko ofisini kwa mwalimu mkuu, imefungiwa. Mwanafunzi anatumwa. Waya wa kuunganishia umeme haufiki ukutani, anatumwa mwingine kuleta ekstensheni. Kompyuta inawaka na kuanza kujisasisha yenyewe. Madirisha hayana mapazia, jua la asubuhi limejaa chumbani, na maandishi yanaonekana kama maziwa yaliyomwagika ukutani, kwa hiyo watoto wa nyuma wanasimama juu ya madawati. Swali la kwanza likiulizwa baada ya dakika sita, asilimia 15 ya kipindi cha dakika 40 imekwisha kabla ya mtu yeyote kufikiri. Katika shule ya msingi ya Kenya, ambako kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 35, hasara ni kubwa zaidi.

Chaki haisubiri chaji. Mwalimu anaweza kuandika maswali manne wakati wa mapumziko, watoto wakaingia na kuyakuta. Hesabu za kichwa, imla ya maneno matano, au kitendawili kinachoanza kwa mwalimu kusema "Kitendawili!" na darasa zima kuitikia "Tega!" ni zana zilizokomaa, na zina jambo moja ambalo wabunifu wa programu huhangaika kulitengeneza: kila mtoto anajua utaratibu bila kuelekezwa.

Lakini kambi ya chaki ina udhaifu wake, na huwa haiutaji. Chaki inaandika maswali bila kukusanya majibu. Mwalimu akipita kati ya madawati kwa dakika tano, anaweza kuangalia madaftari 15, pengine 20. Kuitikia kwa pamoja kunampa kelele ya kumfariji tu: watoto 40 wanaojua huwafunika 30 wanaofungua midomo bila kutoa sauti. Madarasa makubwa hayatapungua kesho. Elimu ya msingi bila ada ilianza Kenya mwaka 2003, na Tanzania ikaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Mamilioni ya watoto wakaingia, walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Desturi ya kuuliza na kumchagua mmoja ilimudu darasa la watoto 30. Kwa 80, inamwacha mwalimu gizani.

Ikumbukwe pia kwamba kuchangamsha darasa kwa mashine hakukuanza na simu janja. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Kenya ilikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio ambamo sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza, na watoto wakajibu. Zanzibar baadaye ikawa na Tucheze Tujifunze, vipindi vya redio vya watoto wadogo vyenye nyimbo, hadithi na michezo ya kuitikia. Kifaa kilikuwa kimoja kwa darasa zima, betri chache, na mtoto hakuhitaji kugusa chochote ili ashiriki. Wanaopanga matumizi ya vishikwambi leo wangefaidika kurudi kwenye rafu hiyo.

Simu moja, kadi sitini

Kati ya kambi hizi mbili kuna njia ambayo haijapewa nafasi inayostahili. Programu ya Plickers inataka simu moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi iliyochapwa umbo jeusi la mraba lenye mikato, na kila kadi ina umbo lake. Upande unaowekwa juu ndio jibu: A, B, C au D. Swali limeandikwa ubaoni. Mwalimu anasema "kadi juu", anainua simu na kuipitisha taratibu kutoka kushoto hadi kulia kama mtu anayepiga picha ya harusi, na kamera inasoma majibu. Kwa kuwa maumbo hayafanani na herufi zimechapwa ndogo sana, mtoto hawezi kunakili kwa kuchungulia kadi ya jirani.

Faida yake inaonekana kwenye swali lililotungwa vizuri. Chukua hili la darasa la tano: nusu jumlisha theluthi ni ngapi? A ni 2/5, B ni 5/6, C ni 1/6, D ni 2/6. Jibu ni B. Kadi 40 zikionyesha A, mwalimu amejua jambo mahususi: watoto wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Hana haja ya kurudia somo zima la sehemu. Atachora mkate mmoja ubaoni, aukate, aonyeshe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo, kisha aendelee. Wakichagua C kwa wingi, tatizo ni jingine: wamezidisha au wametoa. Mchezo uliojaa muziki na pointi ungeweza kuonyesha takwimu hizohizo, lakini mara nyingi swali linalofuata huwa limeshaanza kabla mwalimu hajazitafakari.

Njia hii nayo ina mipaka. Seti ya kawaida ina kadi 40 na ile kubwa kadi 63, kwa hiyo darasa la 80 litalazimika kushirikiana kadi. Kadi hukunjika, hulowa na kupotea, na lazima zigandishwe kwenye manila. Mwalimu anahitaji simu yenye kamera nzuri na bando. Na kama hata hicho hakipo, kuna toleo lisilo na gharama yoyote: vidole. Macho yamefungwa, kidole kimoja kifuani kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, vinne kwa D. Rekodi haibaki, lakini mwalimu anaona darasa zima kwa mtazamo mmoja, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Gharama isiyo kwenye bajeti

Mijadala ya shule huhesabu bei ya projekta na kusahau vinavyolipwa baadaye. Bando la intaneti la mwalimu, kwa sehemu kubwa, linatoka mfukoni mwake. Taa ya projekta huungua. Umeme hukatika katikati ya swali la pili, na mwalimu asiye na maswali ya akiba anabaki na darasa lililopandishwa hamasa bila pa kuipeleka.

Kuna pia gharama ya faragha ya watoto. Programu nyingi za maswali huhifadhi majina na alama, na picha ya jedwali la washindi huishia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kabla ya saa sita. Anayeshangiliwa ni mmoja. Wa mwisho naye ameonekana. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Si sheria za mapambo. Mwaka 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tiba yake ni rahisi: watoto wapewe namba badala ya majina, na jedwali libaki kwa mwalimu.

Gharama ya tatu ni muda wa kutunga maswali. Hapa, kwa maoni ya uchambuzi huu, ndipo teknolojia inapodai nafasi yake kihalali. Walimu watatu wa hesabu wakigawana kazi na kuhifadhi maswali kwenye faili moja, baada ya mwaka wana hazina ambayo ubao peke yake hauwezi kuwapa. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inawapa vitabu vya kiada vya kuanzia bila kwenda stoo. Hata akili unde, au akili mnemba kama wengine wasemavyo, inaweza kupendekeza majibu potofu yanayofanana na ukweli, kazi inayowachosha watunzi wengi. Kinachotakiwa ni mwalimu ayasome usiku kabla hayajafika ubaoni, kwa sababu mashine hizo hukosea hesabu kwa kujiamini, na Kiswahili chao wakati mwingine hakijatulia kwenye ngeli.

Mizani inavyolala

Vikiwekwa pamoja, vigezo vya kupima zana yoyote ya mwanzo wa kipindi ni vichache. Watoto wangapi wanafikiri na kujibu? Dakika ngapi zinapotea kabla ya swali la kwanza? Mwalimu anaona nini, na anapata nafasi ya kufanya jambo kuhusu alichokiona?

Kwa vigezo hivyo, projekta ya kila siku inashindwa katika shule nyingi za Kenya na Tanzania, kwa sababu ya waya, jua, foleni ya kuiazima na dakika 35 au 40 ambazo hazirefuki. Si kwamba zana yenyewe ina kosa la msingi. Shule yenye projekta iliyofungwa darini kila chumba na umeme wa uhakika ina haki ya kufikia uamuzi tofauti. Kahoot! na michezo ya aina yake, inayotaka kifaa kwa kila mtoto, inafaa maabara ya kompyuta, tena kwa Ijumaa moja moja, kama karamu. Ubao unashinda kwa wepesi na unashindwa kwa kumwacha mwalimu bila habari, isipokuwa ukiunganishwa na kadi au vidole.

Hivyo wiki ya busara kwa shule ya kawaida ingekuwa na siku nne za maswali manne ubaoni, mawili ya jana, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, yakijibiwa kwa vidole au kwenye daftari. Na siku moja ya kadi na simu ya mwalimu, ili rekodi ipatikane. Kishikwambi kingebaki na mwalimu, kikifanya kazi jioni katika kutunga maswali na kuhifadhi matokeo. Mpangilio huu hauna mvuto kwenye picha za sherehe za makabidhiano. Lakini unafanana na matokeo ya Kisumu: kifaa kilikuwa na tija zaidi kwa shilingi kilipokuwa mikononi mwa mtu mmoja anayewahudumia wengi.

Linalobaki liko kwa wanaokagua. Mwalimu atafanya kile kinachoangaliwa, na kama kinachoangaliwa ni uwepo wa TEHAMA, ataileta TEHAMA hata kama inamla dakika sita. Wathibiti ubora wa Tanzania na maofisa wa kusaidia mtaala wa Kenya wanaokaa nyuma ya darasa wangefaa kuacha kuuliza zana gani imetumika. Wahesabu walioinua jibu, kisha wamuulize mwalimu amebadilisha nini kwenye somo lake baada ya kuyaona majibu hayo.